Kitambaa Ulichoacha Ndani ya Mshono

Mdogo wangu Rajabu, fundi wa Koboko,

Salamu alekum huko ulikolala. Ni mimi kaka yako, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu alitaka kuniandikia, nikamwambia aende zake. Mimi nimeendesha lori kutoka Arua mpaka Juba wakati barabara ilikuwa mashimo matupu, na vibao vyote vya njiani nilivisoma bila shule. Sasa kalamu ndiyo itanishinda? Herufi zikilala upande, wewe utajua ni za nani. Kiswahili changu unakijua pia, ni cha kambi ya askari kwa baba yetu na cha barabarani. Hakijawahi kunilaza njaa.

Na njaa ndiyo inanifanya niandike. Nimepungua, Rajabu. Ungekuwa hai ungenipita njiani bila kunisalimu. Lile tumbo ambalo matandiboi wangu, vijana wa kupakia lori, waliliita tangi la akiba limekwisha karibu lote. Sasa watu wa mtaa wetu hapa Arua, Awindiri, wameanza kuniangalia vile walivyokuangalia wewe kule Koboko, na mke wangu anataka nirudishe mwili. Mimi nimeshaamua neno langu. Kabla hujalisikia kwa mwingine, lisikie kwangu.

Unamkumbuka baba siku ya Idi? Alitupanga mstari uani, akatupima kwa macho, na aliyenenepa kuliko wenzake alipewa mfupa wenye uboho. Mimi nilishinda kila mwaka. Wewe ulishinda mara moja tu, mwaka niliougua surua, na ule mfupa ulikuja kunionyesha kitandani. Ndivyo tulivyolelewa. Mwanaume alikuwa na mwili, na mwili ulionekana kutoka mbali.

Kwa hiyo siku nilipokuja kwako Koboko nikakukuta unakula mchicha, nilidhani umeishiwa. Ulikuwa umekaa kwenye baraza lako pale sokoni, cherehani mbele, futi ya kupimia shingoni. Ukaniambia sista wa kliniki amekukuta na sukari na presha, na amesema mwili upungue. Sahani ilikuwa ile ile yako kubwa. Nusu yake ilikuwa mchicha na mlenda, pembeni samaki, na ugali wa muhogo ulikuwa mdogo kama ngumi ya mtoto.

Nikakuuliza, "Wewe unafuga sungura tumboni?"

Ukajibu bila kuinua kichwa, "Kaka, sungura hana presha."

Halafu ukanieleza, na ulieleza kama fundi. Ulisema mwili ni suti. Ukiivuta kwa nguvu siku moja itachanika. Unafumua kidogo, unashona kidogo, unajaribisha, unafumua tena. Sukari kwenye chai uliacha. Soda uliacha. Asubuhi ulikula, maana sista alisema anayeshinda njaa jioni atakula na meza. Dawa zako hukuziacha hata siku moja. Jioni ulifunga cherehani mapema, ukatembea barabara ya mpakani mpaka jasho likatoka, ukarudi. Mimi nilikaa pale barazani nikala ugali uliobaki, wangu na wako.

Ilifanya kazi. Ilikwenda polepole mpaka mimi nikachoka kungoja, lakini ilifanya kazi. Kila nilipopita na lori nilikukuta umeongeza mshono kwenye suruali yako. Siku moja ulinigeuzia ndani ya kiuno nikaona kitambaa kimekunjwa, kipana, kimelala pale bila kazi.

"Kwa nini usikate?" nikasema. "Kinakuwasha bure."

"Fundi hakati, Kaka. Wa hapa Koboko hakati hata mmoja. Mutu anaweza kurudi."

Neno hilo nilicheka nalo mpaka Arua.

Lakini sisi watu wa huku tuna macho yaliyoharibika. Tulizika watu wembamba miaka mingi, wale wa UKIMWI, ugonjwa tulioupa jina la Silimu kwa sababu uliwakausha wakiwa hai. Tangu wakati ule mtu akipungua hatumwulizi anakula nini. Tunaangalia watoto wake na kufikiri watalelewa na nani. Wewe ulikuwa na nguvu, ulilala vizuri, magoti yaliacha kukuuma, na soko zima lilikuwa limeshakuzika.

Mama mmoja wa mboga alikuja kuchukua kitambaa chake cha gauni la gomesi kabla hujakikata. Alisema amebadili mawazo, na jioni ile ile alikipeleka kwa fundi wa upande wa pili. Jirani alianza kukuletea supu ya kwato kila siku, anaiweka chini mlangoni na kuondoka bila kukaa. Ukaenda kupima damu, ukawaambia umepima, uko salama. Wakasema dawa za siku hizi zinaficha. Na hata ingekuwa kweli, ni nini? Hapa kwetu yuko jirani anayemeza dawa hizo tangu zamani, na anabeba gunia la muhogo ambalo wanaosema hawaliinui. Lakini huwezi kusimama sokoni ukawaeleza watu mmoja mmoja. Wewe ulijaribu. Nilikuona unajaribu.

Ndipo wakaja watu wa mchumba wa binti yako Zaina. Walituma shangazi yao. Alikunywa chai, akasifu nyumba, akasifu binti, akamaliza kwa kumwuliza mkeo, "Tunasikia baba iko anaumwa. Anaumwa nini?" Hakungoja hata jibu. Alikuangalia shingo tu.

Ulinipigia simu siku hiyo. Sauti yako ilikuwa chini.

"Kaka, mwanangu atakaa nyumbani kwa sababu ya kiuno changu."

"Waache waende," nikakuambia. "Watakuja wengine."

Kisha ukasema, "Wewe huna binti."

Ni kweli. Mungu alinipa wavulana watupu. Simu ikakatika.

Baada ya hapo ulikula. Sijui kama kuna neno jingine. Ulikula gurusa, ile mikate yetu myembamba, za samli, nyama ya mafuta, mandazi ya asubuhi na ya saa nne, na ulivila barazani, mbele ya watu, ili waone. Ulikuwa unatafuna na macho yako yako barabarani. Supu ya jirani ulimaliza na kurudisha bakuli mwenyewe, mkononi. Mshono wa suruali uliufumua, na kile kitambaa kilikuwepo kinangoja. Kilipokwisha, mkeo Hadija alikuungia kiraka nyuma, cha rangi nyingine, chini ya koti hakionekani. Ulirudi pale ulipotoka ukapapita. Sista alikuita kliniki, hukwenda. Ulisema utaanza tena baada ya harusi.

Na harusi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ulinishonea koti jeusi na suruali yake, kazi ambayo mafundi wa Kampala wangelipa kuiangalia. Ulicheza ngoma ya doluka katikati ya wanawake, jasho linakutoka mpaka kwenye kola, na wazee walipiga makofi. Nilisikia wanasema, "Rajabu amepona." Shangazi yule yule alikushika mashavu kwa mikono miwili.

Mvua zilizofuata zilikukuta, hazikukuacha. Ulikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, ukainama mbele kama unatafuta sindano. Hadija alipokuita, mdomo wako ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia hausikii. Walikupeleka hospitali. Ijumaa hukuifikia.

Mimi nilikuwa kati ya waliokuosha. Tulihitaji mtu wa ziada kukugeuza. Nimepakua na kupakia saruji ujana wangu wote, Rajabu, najua uzito wa kila kitu, na ule sitausahau. Nje kwenye mikeka mzee mmoja alikuwa anapokea kahawa, na nilimsikia anasema kwa roho nyeupe kabisa, "Alhamdulillahi, amekufa na afya yake." Wengine wakaitikia. Nilikuwa nimebeba ndoo. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi.

Sasa habari zangu. Msumari wa sandali ulinichoma unyayoni na sikusikia. Nilitembea nao mpaka mke wangu akaona damu kwenye mkeka wa kuswalia. Hospitali ya hapa Arua wakapima, wakakuta sukari, na daktari akasema bila kuzunguka: mwili ushuke na sukari ishuke, la sivyo ule mguu utakuja kukatwa. Ni mguu wa kulia, wa breki na mafuta.

Nikajiambia sawa, mimi si Rajabu wa kwenda kwa vijiko. Nitamaliza kazi kwa mwendo wangu. Nikaacha kula kabisa. Mchana ilikuwa Ramadhani, na jioni pia ilikuwa Ramadhani. Nikanunua sokoni unga mweusi wa mizizi kwa bwana mwenye kipaza sauti, aliyeapa kwamba unayeyusha mafuta wakati umelala. Uliniyeyusha kweli, nilikuwa chooni muda wote. Na vidonge vya sukari alivyonipa daktari niliendelea kumeza, maana mimi ni mtu wa kufuata amri. Mkanda ulirudi tundu baada ya tundu, nikatembea Awindiri nzima kuwaonyesha watu. Halafu barabara ya Dadamu ikageuka juu chini. Nilipofumbua macho kijana wa boda alikuwa amenishika kama mtoto, na mdomo wangu ulikuwa na soda aliyoninywesha.

Sista aliyenihudumia hospitali alikuwa mwembamba, mdogo kwa Zaina.

"Mzee, umemeza dawa ya sukari na tumbo tupu?"

"Mimi nimefika Juba bila kula," nikamwambia.

"Hapa hapana Juba, mzee. Hapa ni kitanda. Na huo unga, unajua ndani kuna nini?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

Akasema figo za watu wazima zinaondoka hivyo, na mwili unaoporomoka haraka hurudi haraka, na huja na mwenzake. Kisha alianza kunieleza sahani. Nusu mboga. Ugali kama ngumi. Samaki au maharage. Asubuhi ule, usiku usishindilie, utembee kila siku, mizani iwe ile ile, na dawa tutapunguza sisi, si wewe. Alikuwa anasema maneno yako, moja baada ya jingine, na hamkuwahi kuonana.

Nikamwuliza kitu ambacho wewe sikukuuliza. "Na nikishapungua, lini narudi kula?"

"Hurudi, mzee. Hii siyo safari ya kwenda na kurudi. Utakula hivi mpaka mwisho."

Dereva yeyote anajua gari la kwenda bila kurudi ni hasara. Lakini nilikuona wewe barazani na gurusa mkononi, macho barabarani.

Basi nimefanya kwa mwendo wako. Hakuna mtu Arua nzima anayepunguza mwili kama mimi, sista mwenyewe amewaita wagonjwa wengine waje waone kidonda kilivyokauka. Baada ya swala ya alfajiri nakula uji bila sukari na yai, kisha natoka na fimbo. Vijana wa boda pale stendi wananijua. "Mzee, nyumba iko nyuma, wewe unakimbia nani?" wanasema. Nawajibu nawakimbia wao, wasije wakanipakia nikiwa maiti. Viatu nimenunua vya kufunga, na kila jioni mke wangu anaangalia nyayo zangu kwa tochi.

Njaa yenyewe si kubwa. Inapiga kelele kidogo halafu inakaa. Kubwa ni macho.

Mke wangu alianza. Aliniwekea ugali mlima, nikausukuma, naye akakaa chini mbele yangu. "Baba Saidi, wanasema nakunyima chakula. Wengine wanasema tumeleta kitu nyumbani. Kisimani wananipisha." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Wiki hiyo hiyo, kwenye kahawa, pale tunapokaa wazee wenzangu, nilimaliza kikombe changu nikamwona mwenye kahawa anakiosha, anakiweka, anakichukua tena, anakiosha mara ya pili. Rafiki yangu wa kambini, tuliyelala naye chini ya lori moja, akaniuliza kwa upole, "Umepima?"

"Nimepima damu, nimepima sukari, nimepima kiuno," nikasema. "Unataka nipime na kikombe?" Nikaagiza kingine. Nikakinywa chote.

Lakini nilipofika nyumbani nilikula ule mlima, Rajabu, na kesho yake nikaula tena. Kila tonge lilikuwa linaniambia, sasa wataniacha. Mke wangu alifurahi mpaka akaimba jikoni. Hapo ndipo nilikuelewa. Nilidhani wewe ulikula kwa sababu ulikuwa laini, na mimi ni chuma. Siyo hivyo. Ule ugali ulikuwa mtamu kwa sababu haukuwa ugali, ulikuwa watu. Kidonda kilianza kutoa maji tena kabla wiki haijaisha.

Nikachukua koti ulilonishonea na suruali yake, nikaja Koboko.

Hadija ndiye anakaa kwenye cherehani yako sasa. Anashona sare za shule na mapazia, na wateja wanamheshimu. Aliniona ninapanda baraza na koti mwilini, akaweka mkono mdomoni, halafu akacheka.

"Shemeji, ndani ya hiyo koti iko mutu?"

"Mwanaume mzima yuko ndani."

"Naona mabega tu. Vua, niangalie."

Alilitandika mapajani akaanza kufumua ubavuni. Ulikuwa umeacha kitambaa kipana ajabu. Ndani mle hakijaona jua, kilikuwa cheusi kuliko koti lenyewe, na juu yake chaki yako ilikuwa bado nyeupe. Ile mistari yako mitatu ya haraka, mguu wa ndege, uliyochora kila mahali. Sindano ya Hadija ikasimama.

"Huu ni mkono wake," akasema.

Lori la mizigo lilipita likielekea mpakani, na vumbi likaingia, akafunika ile chaki kwa kiganja mpaka vumbi lilipotulia. Baadaye akaniambia wewe uliacha kingi hivyo kwa makusudi. Ulimwambia, huyu kaka yangu hatapungua, ataongezeka tu.

"Sasa nashona hapa, ubavuni pako pa sasa," akasema. "Hiki naacha ndani kama kawaida."

"Kata."

"Fundi haikati, Shemeji. Ukinenepa hakuna atakayeiokoa hii koti."

"Ndiyo maana nasema kata."

"Mutu anaweza kurudi."

"Yeye alirudi," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Niliona mkasi uko karibu na mkono wake na mkono hauendi. Kisha akausukuma kwangu juu ya meza. "Kata wewe. Mimi ndiye nilimshonea kile kiraka. Alisimama hapo ulipo, akasema, Hadija, vuta, nikavuta."

Nikachukua mkasi. Mkono huu umeshika usukani wa lori kwenye mteremko bila breki na haukukosea. Pale nilikata kwa mapindo, ungenifukuza barazani kwako. Hadija hakunicheka. Alikusanya vile vipande, akavikunja taratibu chaki ikiwa ndani isidondoke, akavitia kwenye kopo la vifungo. Kisha akashona ubavu mmoja, na wa pili, na kiuno cha suruali, miguu yake kwenye pedali yako.

Nikalivaa. Limekaa, Rajabu. Limenishika vizuri, na halina pa kwenda.

Nilipita nalo katikati ya soko, vifungo vyote vimefungwa, polepole, ili wanione. Mama mmoja wa nyanya alinitambua kwa sauti nilipomsalimu. Aliniangalia juu mpaka chini, uso ukamwanguka.

"Pole sana, mzee," akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya mwili."

"Mwili wangu uko hapa, mama. Ndugu yangu yuko kule." Nikamwonyesha kwa fimbo upande wa makaburi. "Yeye alikuwa na afya yake."

Sikungoja jibu. Nilikuja kwako, nikasimama kidogo, nikakusomea Fatiha. Nyasi zimeota, nimemwambia Hadija atume mtu afyeke. Mke wangu bado anapika kingi, na kikombe changu bado kinaoshwa mara mbili. Nimewaambia wote wawili, yeye na mwenye kahawa, waendelee.

Idi ikija nitatafuna mfupa wenye uboho, mmoja tu, kwa ajili yako, halafu nitatembea mpaka Dadamu na mguu wangu wa kulia. Lala mdogo wangu. Ukiniona nakuja huko, nitakuja na hili koti, na wakati wa kuniosha watanigeuza watu wawili.

Mimi kaka yako, mkubwa kwa umri, mdogo kwa kiuno.